Mashine Moja, Majina Matatu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji,

Habari za huko? Sisi hapa tunasukuma siku. Mama yuko vilevile, upande wa kushoto bado umelala na maneno yanakuja na kupotea. Namgeuza kitandani asubuhi, mchana na jioni ili ngozi isichubuke, kisha narudi karakana kwenye cherehani.

Nina swali la kompyuta, usinicheke. Karakana nzima ina kompyuta moja, nawe ulipoondoka ulituwekea majina matatu, la dada yako, langu na lako. Mimi naingia kwa jina langu na nenosiri langu. Nikishaingia naifungua ile mashine ya ndani, yenye programu ya kuchorea michoro ya kukatia nguo. Je, vitu ninavyoviweka humo ndani anaviona mtu mwingine? Nauliza kwa kutaka kujua tu, sina cha kuficha.

Wako,
Shemeji


Jumanne, 5 Machi

Shemeji,

Mtu akiniambia hana cha kuficha ndipo mimi naanza kumchunguza. Nakutania.

Iko hivi. Kompyuta ya karakana inatumia mfumo wa Linux, na ile programu ya michoro ni ya zamani, haielewani na Linux hata uipigie magoti. Ndiyo maana nikawatengenezea mashine pepe, kompyuta ya kujifanya inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli, nikaiwekea mfumo wa zamani ili programu ijione iko kwao. Nimeihifadhi kwenye folda ya pamoja na nimetoa ruhusa kwa kundi moja, yaani ninyi wawili na mimi. Ombi langu ni moja: ukimaliza, izime kabisa. Usiiache imelala. Ukiiacha imelala chini ya jina lako, dada akija kuifungua itamkatalia, na dada akikataliwa unajua nyumba nzima inavyokuwa.

Kuhusu swali lako, nenosiri usimpe mtu. Ukiingia kwa jina lako uko kwako, nani atakufuata? Samahani kwa haraka, hapa kazini simu tunaziacha mlangoni na barua pepe yenyewe naiandika nikiwa nimesimama.

Wako,
Fundi


Jumapili, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu katika nyumba hii ukishika simu kuta zinasikiliza, hasa ukuta mmoja wenye miguu miwili.

Mashine yako imechoka. Inajivuta, imejaa takataka, nikibonyeza kitu nasubiri hadi nasahau nilibonyeza nini. Nakumbuka siku unaondoka ulisema umeipiga picha ilivyokuwa safi, na kwamba mambo yakiharibika tunaweza kuirudisha kama ilivyokuwa siku hiyo. Nieleze inarudishwaje, hatua kwa hatua, kama unamweleza mtoto.

Usiniambie nimuulize wifi. Wifi siku hizi anajiona mhandisi, akikishika kipanya hakiachi. Juzi nimemkuta anamlisha Mama kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anachora mabega kwenye karatasi. Nikamwambia achague moja, ama yeye ni muuguzi ama ni profesa. Akacheka. Sikuwa natania.

Dada yako


Jumanne, 9 Aprili

Dada, shikamoo.

Kurudisha si kazi. Ingia kwa jina lako, fungua orodha ya mashine, usiiwashe, bonyeza palipoandikwa picha, chagua ile niliyoipa jina Safi, halafu rudisha. Itakuuliza kama una hakika. Jibu ndiyo.

Lakini kabla hujajibu ndiyo, nielewe vizuri. Majina ni matatu ila mashine ni moja. Nenosiri linalinda mlango wa nje tu; mkishaifungua mashine ya ndani mnakalia chumba kimoja, na anachokiweka mmoja kimo humo kwa wote. Ukiirudisha kwenye picha, kila kilichowekwa baada ya siku ile kinafutika, kiwe chako au cha shemeji. Kwa hiyo vihamishieni nje kwanza vitu vyenu. Je, shemeji ana kazi zake humo?

Habari nyingine, mwezi huu wamenipa usimamizi wa ofisi nzima. Ni mlango nilioungoja maisha yangu yote, dada. Mwambie Mama.

Mdogo wako


Jumatano, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Nimemwambia Mama, sijui kama amenielewa.

Wifi hana kitu humo.

Dada yako


Jumanne, 16 Aprili

Shemeji,

Leo asubuhi nimeingia kwa jina langu, nikaifungua mashine, na humo ndani hakuna kitu. Folda yangu haipo. Nimeizima na kuiwasha, nimetafuta kila mahali, ni kama sijawahi kuigusa. Nenosiri sijampa mtu, naapa.

Nikueleze sasa nilichokuwa nacho, maana wewe ni wa kwanza kukijua. Tangu mwaka jana nachora mavazi ya wagonjwa wa kitandani. Kila siku namvalisha Mama, kwa hiyo najua nguo inakwama wapi. Nimebuni gauni linalofunguka ubavuni na begani, unamvalisha mgonjwa bila kumwinua wala kumvuta ule mkono uliolala. Nimelichora kwa vipimo vyote, la wanene, la wembamba, la aliyefungwa plasta, na suruali zake. Kiwanda kimoja cha sare za hospitali kinatafuta mchoraji. Niliwaandikia, wakaipenda habari hii, wameniita Ijumaa hii nije na michoro yenyewe waipitishe kwenye mashine yao ya kukatia. Bila michoro sina cha kuongea nao.

Sikuweza kuchapisha hata mmoja. Printa iko chumbani kwa dada yako.

Tangu kaka yako afariki nalala sakafuni kando ya kitanda cha Mama, na sijawahi kuomba kitu katika nyumba hii. Leo naomba. Kama una nakala popote, hata ya zamani, nitumie kabla ya Ijumaa. Tafadhali usimwambie dada yako.

Wako,
Shemeji


Jumanne, 16 Aprili, jioni

Dada,

Uliniambia hana kitu humo. Shemeji amepoteza kazi ya mwaka mzima na mimi ndiye niliyekufundisha kuifuta. Unajua umenifanya nijisikie vipi?

Bahati nzuri nakala ninayo. Kila Jumapili kompyuta ya karakana hunitumia mashine nzima kama ilivyo, na ya juzi ina kila kitu chake, nimefungua nikaona. Ni michoro mizuri kupita kiasi, dada. Nitamrudishia kesho. Nakuarifu kwa heshima tu, uamuzi nimeshafanya.

Mdogo wako


Jumatano, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Niliposema hana kitu humo nilisema kweli. Kompyuta ni ya karakana, umeme wa karakana, na saa alizokuwa akichora zilikuwa saa za kushona. Sasa lipi lake?

Tena nikwambie, siku nyingi nayajua. Yule mjinga anadhani nenosiri lake ni kufuli la kabati. Akienda kumgeuza Mama jioni, mimi naingia kwa jina langu, naifungua mashine ileile, namkuta kajianika. Folda kaiita "Mapishi", mtu anayeunguza hata maji. Barua yake ya kuomba kazi nimeisoma tangu rasimu ya kwanza. Kaandika kwamba anaishi na familia ya marehemu mumewe na kwamba tunampenda. Palikuwa na neno kakosea, nikamsahihishia. Hakugundua.

Haya, mwenye huruma, nisikilize. Akiondoka, Mama atageuzwa na nani? Mgongo wangu unaujua. Muuguzi wa kulipwa tulimjaribu, Mama akamtemea mate, akaondoka bila kuaga. Anabaki mtu mmoja, kitinda mimba wake, asiye na mke wala mtoto wa kumzuia. Wewe. Ule mlango ulioungoja maisha yako yote utaufunga mwenyewe kwa mkono wako, urudi hapa kubadilisha mashuka.

Basi mpe nakala yake. Halafu fungasha uje. Sakafuni pale pana nafasi. Sikulazimishi, wewe si umeshafanya uamuzi?

Dada yako


Alhamisi, 18 Aprili

Shemeji,

Pole sana. Nimetafuta usiku kucha na kila nilipotazama roho ilizidi kuniuma. Nakala hakuna. Mtambo wa kuhifadhi ulikuwa umejaa tangu Februari na mimi sikuwa na habari.

Nimejaribu pia kuelewa kilichotokea. Mashine hizi zikiachwa zimelala, halafu umeme ukatike, mara nyingine zinajirudia zenyewe kwenye hali ya kwanza. Unakumbuka nilikuomba uizime kabisa? Sisemi ni kosa lako. Inawezekana kabisa ulisahau siku moja, kwa uchovu, kila binadamu husahau. Usijilaumu.

Nenda tu Ijumaa. Mtu mwenye kipaji huonekana hata akiwa mikono mitupu. Sisi sote tunajivunia wewe.

Wako,
Fundi


Jumapili, 21 Aprili

Shemeji,

Asante kwa kukesha kwa ajili yangu. Katika ukoo huu ni wewe peke yako uliyehangaika.

Nilikwenda. Nilichora kwa mkono usiku wa kuamkia Ijumaa, nikapeleka karatasi. Mkuu wa kitengo aliziangalia moja moja, akasema mkono wangu ni mzuri, lakini mashine yao haisomi karatasi, na wengine walikuwa wamekuja na kazi kamili. Akanipa nafasi kwenye meza ya kukatia, kusimama kutwa, kulala bwenini na wasichana wengine. Nikakataa. Bwenini siwezi kukaa na Mama.

Maana hilo sikukwambia. Kazi ya mchoraji ilikuwa na nyumba, vyumba viwili. Kimoja nilishampangia Mama, chenye dirisha kubwa, kitanda tungekiweka pale mwanga unapoingia. Nilitaka kwanza niipate ndipo niwaambie, nisije nikaonekana najigamba. Dada yako angepumzika, na wewe usingekuwa na wasiwasi tena juu yake.

Nimekumbuka sana na nadhani ni kweli, kuna jioni Mama alianguka nikatoka mbio, huenda mashine niliiacha imelala. Nimemwomba dada yako radhi kwa kuiharibu. Alitaka niombe mbele ya mafundi wote ili wajifunze, nikaomba. Amenisamehe.

Wako,
Shemeji


Jumatatu, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekwama. Ile michoro yangu ya sare za shule niliihamishia nje kama ulivyosema, sasa nikiifungua inaniambia haipo. Ninavyoviona ni vijialama tu. Shule inataka nguo kabla ya muhula na kuchora upya siwezi, tangu mwanzo wifi ndiye aliyenisaidia. Kumwomba tena sitaki, siku hizi ananitazama kama mtu aliyefiwa. Si unayo ile nakala? Nitolee vyangu.

Dada yako


Jumamosi, 4 Mei

Dada,

Ulihamisha njia za mkato, yaani vibao vya mlangoni, ukaiacha nyumba yenyewe ndani. Nimecheka peke yangu.

Nimeingia kwa mbali kwa jina langu, nimeiwasha mashine na kuvirudisha vyako vyote mahali vilipokuwa. Vya shemeji sikuvirudisha. Ila sikiliza, umo mle mle chumba kimoja na yeye. Jumatatu asubuhi fungua wewe kwanza, uzihamishe faili zenyewe, kabla hajaamka mtu. Akiziona ataelewa kwamba nakala ilikuwepo.

Kuhusu ile habari ya vyumba viwili niliyokueleza kwenye simu, naomba tusiizungumze tena. Lililopita limepita. Wiki ijayo nakabidhiwa ofisi rasmi.

Mdogo wako


Jumanne, 7 Mei

Shemeji,

Dada yako haamki kabla ya kupelekewa chai, hilo ungelikumbuka. Karakana nafungua mimi.

Jana niliifungua mashine kwa jina langu ili nichore vifuko vya sare, nikaikuta michoro ya dada yako imepangwa safi. Michoro ya mwezi wa tatu, ndani ya mashine iliyorudi kwenye hali ya kwanza mwezi wa nne. Nikakaa. Nikatazama kule nje, kwenye folda ya pamoja, nani kaigusa mashine kabla yangu. Palikuwa na jina lako, Jumamosi. Halafu nikaelewa na lile jingine, taratibu, kama mtu anayejisomea: ikiwa mimi kwa jina langu naviona vya dada, ambavyo zamani sikuwahi kuvitafuta, basi dada kwa jina lake aliviona vyangu, siku zote. Swali hilo nilikuuliza mwezi wa tatu. Ulinijibu niko kwangu.

Umenifanya nipige magoti mbele ya mafundi kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilikuwa nimeshajikumbusha hadi siku niliyolifanya.

Nakala sikuombi. Nafasi imeshapata mtu. Nimewapigia simu, meza ya kukatia bado ipo, na barua hii naiandikia bwenini.

Sasa habari za Mama. Leo asubuhi nimemwogesha, nimemchana nywele, nimemvalisha lile gauni la kufungukia ubavuni, lipo moja tu na nililishona kwa ajili yake. Nikamwambia naondoka. Akaniuliza, kwa shida, nani atamgeuza.

Nikamwambia, "Mwanao wa mwisho, Mama. Ameacha kazi kwa ajili yako. Yumo ndani ya basi."

Nilimweleza kila kitu vizuri, kwamba uliona cheo hakina maana mama akiwa kitandani, kwamba umemnunulia mto laini, kwamba foleni barabarani inaweza kukuchelewesha lakini asikate tamaa. Sikuwahi kumdanganya mgonjwa. Ukianza ni rahisi, inatosha kuongea kwa upole na kutoa maelezo ya kutosha, kama ulivyoniandikia mimi. Alilia kwa lile jicho la upande ulio mzima. Akanishika mkono akasema alijua utakuja, kwamba wote walikusema vibaya na yeye peke yake alikuwa anajua.

Akaomba nimgeuze aelekee mlangoni. Nimemgeuza.

Dada yako nilimkuta anakunywa chai, nikamwambia hivyohivyo. Alifurahi. Alisema tangu mwanzo alijua una moyo.

Usiniandikie tena.

Aliyekuwa shemeji yako


Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu,

Simu yako haipatikani, nadhani uko njiani. Nimefurahia mno uamuzi wako, na maneno yote niliyokuandikia yafute.

Ila fanya haraka. Mama hataki kugeuzwa. Tangu jana ameelekea mlango, ngozi ya ubavu imeanza kuchubuka, na nikimshika ananing'ata. Anasema nikimgeuza utaingia umkute amekupa mgongo. Usiku hakulala, kila gari likipita ananyanyua kichwa. Mimi sijui kumshika alivyokuwa akimshika yule.

Umefika wapi? Niandikie hata neno moja, nimsomee.

Dada yako